Kutu Katika Bodi ya Gari Kuukuu: Inapoanzia na Namna ya Kuizuia

Gari kuukuu lililotoka kupakwa rangi hupendeza macho, lakini rangi haisemi lolote juu ya bati lililo chini yake. Fundi mwenye haraka huweza kujaza tundu la kutu kwa pati, akapiga msasa, akapuliza rangi, na mnunuzi asione kasoro yoyote. Mwaka wa pili rangi huanza kufura mithili ya lengelenge, na lengelenge likipasuka, kidole hupenya hadi ndani. Hasara hiyo si ya uzuri tu. Katika saluni nyingi zilizoundwa tangu miaka ya 1950 na 1960, hakuna chesisi ya peke yake chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo, na bati likiliwa, kilicholiwa ni mifupa ya gari.

Gari aina ya Peugeot 504, lililoanza kuuzwa mwaka wa 1968, linafaa kuwa mfano. Lilienea sana Afrika Mashariki, likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975, na tena mwaka wa 1978 kwa toleo lake la kupe. Na hata leo wapo watu wanaoyafufua machache yaliyosalia. Bodi ya saluni yake ni bati lililokunjwa na kuunganishwa kwa vidoa vingi vya kuchomelea mpaka likawa kama sanduku moja. Injini, magurudumu na viti vyote hushikizwa katika sanduku hilo. Nguvu yake kubwa imo katika mihimili miwili mirefu yenye uvungu, ipitayo chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mihimili hiyo ikioza, milango huanza kukataa kufunga sawasawa, jeki hutoboa sakafu badala ya kuinua gari, na katika mgongano chumba cha abiria hujikunja. Mahali mikanda ya usalama iliposhikizwa pia ni bati hilo hilo la chini.

Kwa hiyo anayefufua gari la namna hii hana budi kuelewa kwanza kutu inaanzia wapi. Jibu, kwa ufupi, ni kwamba mara nyingi huanzia ndani na kutokea nje. Na hilo ndilo lifanyalo kazi ya kuizuia kuwa ngumu kuliko watu wengi wadhaniavyo.

Tone la maji ya chumvi

Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Mwanafunzi wa kidato cha pili analijua hilo kutokana na jaribio la misumari katika mirija. Lakini jaribio hilo halielezi kwa nini bati moja, lenye rangi moja na lililonyeshewa mvua moja, huoza mahali pamoja na kubaki zima sentimita kumi pembeni.

Maelezo yake yalipatikana Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1920, kutokana na kazi za mtaalamu wa kemia Ulick Richardson Evans. Jaribio lake maarufu laweza kurudiwa katika maabara ya shule. Bati dogo la chuma husuguliwa kwa msasa mpaka ling'ae, kisha hufutwa mafuta yote. Hutayarishwa maji ya chumvi, gramu 3 za chumvi katika sentimita za ujazo 100, ambamo hutiwa chembe chache za potasiamu ferisianidi na matone machache ya fenolftalini. Ferisianidi hiyo isichanganywe na asidi wala isipashwe moto. Tone kubwa moja huwekwa juu ya bati na kuachwa litulie.

Mwanzoni huonekana madoa madogo ya buluu na ya waridi yaliyotawanyika ovyo. Baada ya muda madoa hujipanga: katikati ya tone huwa buluu, na ukingo wake huwa waridi. Baadaye kidogo pete ya kahawia, ambayo ndiyo kutu, hujitokeza kati ya rangi hizo mbili. Buluu huonyesha mahali chuma kinapoyeyuka na kuwa ioni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Waridi huonyesha alkali, yaani mahali oksijeni inapozipokea elektroni hizo:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Tone, basi, limekuwa betri ndogo. Ukingoni, ambako tone ni jembamba, oksijeni ya hewani hufika upesi. Hapo huwa kathodi. Katikati, ambako oksijeni ni haba, huwa anodi. Na hapa ndipo penye ajabu: chuma hakiliwi pale penye oksijeni nyingi, bali pale penye upungufu wake. Kutu yenyewe hutuama kando, si juu ya jeraha.

Msomaji akilihamisha tone hilo katika gari, atapata maelezo ya karibu kila tundu la kutu. Tope lililoganda ndani ya madigadi, zulia lililolowa juu ya sakafu, mpira wa kioo cha mbele, mabati mawili yaliyolaliana katika mshono: vyote hivyo hushika maji na kuzuia hewa. Chini yake huwa anodi. Sehemu ya wazi iliyo jirani, inayopata hewa tele, huwa kathodi na husalimika. Shule isiyo na dawa hizo yaweza kutumia njia nyingine. Vipande viwili vya bati safi hubanwa pamoja kwa koleo au kwa bolti ndogo, kipande cha tatu huachwa peke yake, na vyote hutiwa maji ya chumvi kila siku kwa wiki mbili au tatu. Vipande vilivyobanwa vikifunguliwa, sura za ndani zitatoa somo zuri.

Jambo jingine la kuhesabu darasani ni ujazo wa kutu. Gramu 56 za chuma, yaani moli moja, zina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 7.1, kwa kuwa densiti yake ni 7.9. Chuma hicho kikigeuka kuwa FeO(OH), ambayo ni sehemu kubwa ya kutu ya kawaida, uzito huwa gramu 89. Kwa densiti ya 4.3 ujazo huwa karibu sentimita za ujazo 20.7. Kutu basi huchukua nafasi karibu mara tatu ya chuma ilichokula. Ikianza ndani ya mshono, haina pa kwenda. Husukuma mabati mawili yaachane, hufungua nafasi ya maji zaidi, na hatimaye hung'oa vile vidoa vya kuchomelea. Mshono uliofura ni mshono ambao hauwezi kutibiwa kwa rangi.

Hewa ya pwani

Utafiti uliofanywa na W. H. J. Vernon nchini Uingereza katika miaka ya 1920 na 1930 ulionyesha kwamba kutu ya hewani huongezeka ghafla unyevu wa hewa unapopita kiwango fulani, ambacho kwa chuma ni karibu asilimia 60. Chini ya hapo chuma kisafi hudumu muda mrefu. Chumvi hubadilisha hesabu hiyo. Chumvi ya kawaida, sodiamu kloraidi, huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka unyevu ukifika karibu asilimia 75. Magnesiamu kloraidi, ambayo nayo imo katika maji ya bahari, huanza kuyeyuka kwenye karibu asilimia 33 tu.

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, unyevu wa alfajiri mara nyingi hupita asilimia 80. Kwa hiyo vumbi lenye chumvi lililoingia ndani ya mhimili wa gari huweza kubaki limelowa hata katika miezi isiyo na mvua. Gari la Dodoma na gari la Dar es Salaam, hata kama yametoka kiwandani siku moja, hayawezi kuwa na umri mmoja.

Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 9223 hupanga hewa katika makundi kwa kupima chuma kinacholiwa katika mwaka wa kwanza. Kundi la C4 hula kati ya mikromita 50 na 80 kwa mwaka; C5, ambamo huingia sehemu nyingi za pwani zenye chumvi nyingi, hula kati ya 80 na 200. Bati la bodi ya gari lina unene wa karibu milimita 0.7 hadi 1.0. Bati la milimita 0.8, yaani mikromita 800, likiliwa mikromita 80 kila upande, hupoteza 160 kwa mwaka, na huisha kwa miaka mitano. Hesabu hii ni ya kutoa mwanga tu. Katika bati la wazi mwendo wa kutu hupungua kadiri miaka inavyopita, na katika mshono wenye unyevu wa kudumu kutu huweza kwenda mbio zaidi. Hata hivyo yatosha kuonyesha kwamba bati lisilo na kinga pwani halina maisha marefu.

Viwanda vilichelewa kulitambua jambo hili. Katika miaka ya 1960 ndipo vilianza kuizamisha bodi nzima katika pipa la praima na kuivuta praima hiyo kwa umeme ili ishike hata pembeni. Porsche ilianza kutumia mabati yenye zinki kwa bodi ya 911 katika modeli za mwaka wa 1976, na Audi ikafanya hivyo kwa bodi nzima ya Audi 100 mwaka wa 1985. Magari yaliyotangulia hatua hizo yaliondoka kiwandani na rangi nzuri nje, na ndani ya mihimili yake kinga haba au pengine pasiwe na kitu kabisa.

Ukaguzi na ukataji

Kazi huanza kwa kuvua. Mazulia, viti, mapambo, raba za milango na taa vyote hutolewa, kwa maana kutu hujificha chini ya vitu hivyo hivyo. Tangi la mafuta huondolewa na kupelekwa mbali. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Nyaya za betri hufunguliwa. Kisha bodi hugongwa taratibu kwa nyundo ndogo na kuchokolewa kwa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza, na lililojazwa pati, hutoa sauti nzito iliyokufa. Sumaku iliyofungwa kwa kitambaa chembamba nayo husaidia, kwa kuwa haivutwi na pati.

Bati lililotoboka halitibiki. Hukatwa mpaka kwenye chuma kizima na kipande kipya huchomelewa. Kubandika bati jipya juu ya bovu, kama ifanywavyo katika karakana nyingi, ni kutengeneza ule mshono wenye maji na giza ulioelezwa juu, na tena kwa gharama. Kabla ya kukata mhimili wa chini ya mlango, gari huegemezwa sawasawa katika sehemu zake imara, na chuma cha muda huchomelewa kukatiza nafasi ya mlango ili bodi isijipinde. Fundi asiyefanya hivyo hugundua kosa siku ya kurudisha milango.

Ukumbukwe pia upande wa pili wa kila kazi ya kuchomelea. Moto huunguza kinga yote iliyo nyuma ya bati, mahali ambapo brashi haifiki tena. Kipande kipya kilichochomelewa vizuri kabisa huweza basi kuwa ndicho kitakachooza kwanza. Dawa yake itaelezwa mbele.

Kusafisha

Rangi yoyote hushika kwa uimara wa kile kilichoishika. Ikishika kutu, itatoka pamoja na kutu. Brashi ya waya huondoa kutu iliyolegea, lakini katika vishimo huing'arisha tu. Kupuliza mchanga kwa kompresa husafisha zaidi, ila kuna mambo mawili. Bati jembamba likipulizwa kwa nguvu nyingi hujikunja kwa joto na mapigo. Pili, mchanga wa kawaida ni silika, na vumbi lake huleta silikosi, ugonjwa unaokakamaza mapafu na usiopona. Uingereza ilikataza mchanga wa namna hiyo katika usafishaji wa vyuma kwa kanuni za mwaka wa 1949. Zipo chembe nyingine zisizo na silika, na hata hizo hutaka kinyago cha kufaa na si kitambaa puani.

Kutu iliyosalia katika vishimo hushughulikiwa kwa asidi ya fosforiki hafifu. Asidi hiyo huyeyusha kutu na kuacha utando wa fosfeti ya chuma. Ni lazima ifuatwe na maji safi na kukaushwa mara moja, kwani mabaki ya asidi huifanya praima ya epoksi ishindwe kushika.

Dawa nyingine ni tanini, na hii ina historia ya karibu. Magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya tanini ya kutengenezea ngozi, na miwati ya Njombe ilipandwa kwa kazi hiyo hiyo. Tanini ikikutana na ioni za chuma hufanya kampaundi nyeusi yenye ubuluu, isiyoyeyuka kwa urahisi. Ndiyo iliyokuwa wino wa kuandikia huko Ulaya kwa karne nyingi. Mwanafunzi aweza kuliona jambo hilo kwa kutumbukiza msumari wenye kutu katika chai kali ya rangi na kuuacha usiku kucha. Dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la kugeuza kutu zina tanini. Zinafaa kwa utando mwembamba uliosalia baada ya kusafisha. Magamba mazito haziyapenyi, na tangazo la kwenye kopo lisimdanganye mtu.

Praima na sumu zake

Chuma kilichosafishwa pwani hakingoji hadi kesho. Praima hupakwa siku hiyo hiyo, lakini si alfajiri. Kanuni ya mafundi wa rangi ni kwamba bati liwe na joto la angalau digrii 3 juu ya nukta ya umande. Chini ya hapo utando wa maji usioonekana huweza kuwa umeshatanda juu yake. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, hufaa zaidi katika mwambao wa Tanzania kuliko masika ya Machi hadi Mei.

Zamani praima za chuma zilitegemea risasi nyekundu na kromati ya zinki. Zilikuwa na nguvu kweli, na ni sumu kweli. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na kromiamu ya kromati husababisha saratani. Rangi ya zamani inayosuguliwa kwenye gari kuukuu huweza kuwa na vitu hivyo, kwa hiyo isuguliwe kwa msasa wa maji, watoto wasikaribie, na uchafu wake usimwagwe shambani. Siku hizi hutumika zaidi praima ya epoksi ya makopo mawili, rangi na hadena, ambayo hupitisha unyevu kidogo sana. Kwa sehemu zitakazochomelewa ipo praima yenye zinki nyingi. Zinki humlinda jirani yake kwa kujitoa: ina volti −0.76 ilhali chuma kina −0.44, kwa hiyo ndiyo itoayo elektroni kwanza. Humphry Davy alitumia wazo hilo mwaka wa 1824 alipofunga zinki na chuma katika mabati ya shaba ya meli, na Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuzamisha chuma katika zinki iliyoyeyuka mwaka wa 1837. Mabati ya nyumba za Afrika Mashariki ni wajukuu wa hataza hiyo.

Pati, kama inahitajika, huwekwa juu ya praima ya epoksi na si juu ya chuma kitupu. Imechanganywa na unga wa ulanga, nayo hunyonya maji.

Kuziba, na mahali pa kutoziba

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko hatua zote. Watu hudhani kuziba ni kufunga kila mwanya unaoonekana. Bodi ya gari haikuundwa kama mtungi. Iliundwa kama paa lenye mifereji: maji ya kioo cha mlango huteremka ndani ya mlango na kutoka chini kwa vitundu, maji ya mbele ya kioo cha dereva huongozwa nje kwa njia zake, mihimili ina matundu ya kutolea maji na kuingizia hewa. Maji yataingia hata kwa gari jipya, na kinachotakiwa ni yapate njia ya kutoka na mahali pa kukaukia.

Kinachozibwa ni mshono, yaani ule mwanya mwembamba kati ya mabati mawili yaliyolaliana, ambao huvuta maji kwa nguvu ya kapilari na kamwe haukauki. Mishono ya sakafu, ya ndani ya madigadi, ya buti na ya mkunjo wa ukingo wa mlango hujazwa gundi ya kuzibia yenye poliurethani, baada ya praima na kabla ya rangi ya juu. Gundi hulainishwa kwa brashi ili isiache ukingo wa kushikia maji. Silikoni ya kawaida ya mabomba na madirisha haifai kabisa. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi ya asetiki inapokauka, na asidi hiyo hula chuma chini ya gundi yenyewe. Tena hakuna rangi inayoshika juu ya silikoni.

Matundu ya maji hayazibwi kwa hali yoyote. Kabla ya kupaka gundi, kila tundu huingizwa kijiti, na kijiti hutolewa gundi ikianza kukauka. Wapo waliojaza mihimili kwa povu la poliurethani wakidhani wameifunga kutu nje. Povu hushika unyevu dhidi ya bati kama sifongo, na mhimili huoza upesi kuliko usiotiwa kitu.

Mahali metali mbili tofauti zinapokutana panahitaji uangalifu wa pekee. Land Rover, iliyoanza mwaka wa 1948 wakati chuma kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza, ilipewa mabati ya aloi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Penye chumvi, alumini hujitoa kama zinki, na unga mweupe huonekana chini ya rangi penye bolti na ribiti. Rangi, gundi na vikatio visivyonyonya maji huwekwa kati ya metali hizo ili njia ya umeme ikatike.

Kazi ya kuziba hupimwa kwa maji. Mtu mmoja hukaa ndani na tochi, mwingine humwagia maji ya mpira yasiyo na nguvu, akianzia chini na kupanda juu polepole. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na haitajulikana yameingilia wapi.

Nta ya ndani

Baada ya rangi kukauka, na kazi yote ya moto kwisha, ndipo ile mihimili yenye uvungu hupuliziwa nta ya kuzuia kutu. Hii ndiyo dawa ya bati lililoungua nyuma ya kuchomelea. Nta iliyozimuliwa hupenya katika mishono kwa kapilari ile ile iliyokuwa ikivuta maji, kisha kizimuzi huruka na kuacha utando laini. Hupulizwa kwa bomba refu lembamba lenye ncha inayotawanya pande zote, likivutwa nyuma taratibu, mpaka nta itoke katika matundu ya chini. Mvuke wake hushika moto. Gari huachwa wazi mahali penye hewa. Breki, bomba la moshi na raba hufunikwa.

Chini ya sakafu wengi hupendelea lami. Lami mpya ni kinga nzuri, lakini huzeeka, hukauka na kupasuka, na maji yakishaingia chini yake hayatoki. Bati huoza huku lami ikionekana nzima. Juu ya praima na rangi nzuri, nta au mafuta mazito ya sufu ya kondoo hukubali kuongezwa na hayafichi ubovu. Oili chafu ya injini, ambayo hupendwa kwa kuwa ni ya bure, ina asidi na masizi, hulainisha raba, hudhuru ngozi ya mtumiaji, na mvua moja huipeleka kisimani.

Jua la pwani hulipasha bati kiasi cha kuilainisha nta, ikateremka na kukusanyika chini. Kwa hiyo katika wiki za kwanza za joto, na baadaye kila mwisho wa masika, waya mwembamba wenye ncha iliyokunjwa hupitishwa katika kila tundu la maji. Maji safi na vumbi vikitoka, mhimili unapumua. Ukitoka unga wa kahawia, nta imekwisha mahali fulani ndani, na mhimili huo uoshwe kwa maji matamu, ukaushwe kwa hewa ya kompresa siku kadhaa, upuliziwe tena.